Jiko la shira ya mepo lisilovuta: rekebisha njia ya hewa kabla ya kununua feni

Mwezi wa tatu ukiingia Maine, Vermont na Québec, huko Amerika Kaskazini, usiku maji yanaganda, mchana jua linayayeyusha, na miti ya mepo (maple) inaanza kutoa utomvu. Utomvu huo karibu wote ni maji. Sukari yake ni kama asilimia 2, kwa hiyo unahitaji lita 40 hivi ili upate lita moja ya shira, na hizo lita 39 nyingine huna budi kuzitoa kwa mvuke. Kwa anayepika kwa kuni, hapo ndipo mambo yanapoharibika: jiko linafuka, sinia linatokota upande mmoja tu, rundo la kuni linaisha, na saa sita usiku bado umesimama kwenye baridi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jiko dogo la nyumbani, yaani sanduku la chuma au matofali lenye wavu wa kuni upande wa mbele, chumba cha majivu chini yake, sinia juu na dohani nyuma. Mfano wangu ni jiko lenye sinia la sentimita 60 kwa 120, kipimo cha kawaida kwa anayeanza. Ushauri wangu unaelemea upande mmoja: usikimbilie feni. Mara nyingi jiko lisilovuta lina hewa ya kutosha, ila hewa hiyo inaingia pasipotakiwa na kupita mahali isipofanya kazi.

Pima kabla hujagusa tofali

Lazima ujue jiko lako linakausha lita ngapi kwa saa. Subiri sinia lote litokote, weka alama ya kimo cha utomvu kwenye kijiti, kisha chochea kama kawaida kwa saa moja huku ukiongeza utomvu kwa ndoo iliyopimwa. Kiasi ulichoongeza ili kimo kirudi kwenye alama ndicho jiko lilichokausha. Sinia bapa kwenye jiko zuri hukausha kama lita 40 kwa saa kwa kila mita mraba, kwa hiyo letu la 60 kwa 120 litoe lita 29 au 30. Sinia lenye mifereji chini hupita hapo, maana moto unaligusa kwa eneo kubwa zaidi. Iandike namba yako ukutani kwa mkaa. Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa siku na upime tena, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.

Kuni nazo zina hesabu yake. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 15 hivi za joto, na kupasha lita moja ya utomvu baridi hadi iwe mvuke kunakula kama megajuli 2.7. Jiko likitumia nusu ya joto lake, kilo moja ya kuni inakausha karibu lita 3, na lita moja ya shira inamaliza kilo 14. Likitumia theluthi tu, inamaliza kilo 21. Hizo kilo 7 za ziada umezikata, umezipasua, umezibeba na kuzifunika mwaka mzima, halafu joto lake likaenda mawinguni.

Toka nje usome moshi

Tofautisha kwanza moshi wa dohani na mvuke wa sinia unaotoka kwenye paa. Moshi mweusi maana yake gesi za kuni zimekosa hewa juu ya moto, au umejaza kuni kupita kiasi. Moshi mweupe mzito usioisha hata dakika kadhaa baada ya kuchochea ni dalili ya kuni mbichi. Moshi ukitoka mlangoni, dohani imeziba, ni fupi, au banda halina pa kuingizia hewa. Unachotafuta ni dohani isiyo na rangi, ambayo juu ya mdomo wake unaona hewa ya moto ikichezacheza tu.

Usiku angalia pia shingo ya dohani. Chuma huanza kuwa na wekundu hafifu gizani kikifika nyuzi 500 hivi. Ukiuona wekundu huo, moto umepita chini ya sinia bila kuliachia joto, na kuongeza kuni hapo ni kuongeza hasara.

Nguvu inayovuta ni ndogo

Aliyekulia na taa ya chemli analijua jambo hili. Ukitoa chimni, mwali unayumba na kufuka masizi. Ukiirudisha, unasimama wima na kung'aa. Hewa ya moto ndani ya kioo ni nyepesi, inapanda, na hewa baridi inaingia chini kushika nafasi yake. Dohani ya jiko hufanya hivyohivyo. Hewa ya nyuzi 0 ina uzito wa kilo 1.29 kwa mita ya ujazo, na gesi ya nyuzi 300 ina kilo 0.6 hivi tu. Tofauti hiyo inazaa mvuto wa paskali 6 na nusu kwa kila mita ya dohani. Kwa dohani ya mita 3 unapata paskali 20, nguvu ya kuinua maji milimita 2.

Nguvu yote uliyo nayo ni hiyo. Inatosha kabisa, mradi usiipoteze kwenye mianya, majivu na kona. Inaeleza pia kwa nini alasiri ya mwezi wa nne, hewa ya nje ikifika nyuzi 15, jiko lilelile linakuwa zito kidogo kuliko lilivyokuwa asubuhi ya baridi.

Hatua ya 1: kuni

Tumia kuni zilizopasuliwa mwaka uliopita na kukaa chini ya paa, zenye unyevu usiozidi asilimia 20. Kipimaunyevu cha kuchomeka ni bei nafuu, lakini upasue kipande na upime uso mpya wa ndani, si gome. Ukuni mbichi unaweza kuwa nusu maji, na maji hayo jiko lako litayachemsha kabla halijagusa utomvu.

Unene uwe kama kifundo cha mkono, sentimita 7 hadi 10. Gogo kubwa linafaa jiko la kupashia nyumba usiku kucha. Hapa tunataka mwali mrefu sasa hivi. Mabanzi makavu kutoka kiwanda cha mbao ni mazuri sana, hata ya msonobari. Mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa zisiingie kabisa.

Hatua ya 2: majivu na wavu

Safisha chumba cha majivu kila unapoanza kupika, na wakati wa kupika pitisha chuma chembamba kwenye nafasi za wavu kutoka chini. Tabaka la makaa juu ya wavu likizidi unene, hewa ya chini haipandi. Fungua kilango cha majivu zaidi, uache makaa yaungue kabla ya kuongeza kuni. Majivu yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta wa mbao, maana kaa lililofunikwa na majivu hukaa hai kwa siku kadhaa.

Hatua ya 3: ziba mianya

Washa moto, kisha chukua kijiti cha udi kinachofuka. Kipitishe polepole kwenye kingo za sinia, kuzunguka mlango, kwenye maungio ya chuma na pale dohani inapokaa. Penye mwanya utaona moshi wa udi unapinda ghafla na kuingia ndani. Weka alama ya chaki kila mahali hapo.

Mwanya wa nyuma ndio mbaya zaidi. Hewa inayoingia nyuma ya moto haiunguzi chochote. Inapoza gesi chini ya sinia, kisha inapoza dohani, na mvuto unashuka. Kati ya sinia na kingo za jiko tandaza kamba au utepe wa pamba ya kauri, sinia likae juu yake kwa uzito wake. Vaa barakoa unapoikata, vumbi lake si la kuvutwa. Maungio ya chuma yazibe kwa saruji ya jiko inayostahimili joto. Mlango usiofunga sawasawa unahitaji kamba ya milango ya majiko, na kama umepinda kwa joto, unyooshwe au ubadilishwe. Usitumie mabati ya zinki karibu na moto, mvuke wa zinki unaumiza.

Hatua ya 4: njia ya moto chini ya sinia

Hapa ndipo ninapoweka matumaini yangu makubwa, kwa sababu majiko mengi ya kujitengenezea ni sanduku tupu kutoka mlangoni hadi dohani. Moto unakata njia ya mkato kwenye nafasi hiyo kubwa, unapita upesi na kuliachia sinia joto kidogo tu.

Wavu na chumba cha moto vichukue kama theluthi moja hadi sehemu mbili kati ya tano za urefu wa jiko. Kwa mfano wetu ni sentimita 40 hadi 48. Mwisho wa wavu jenga ukuta mfupi wa matofali ya moto, na kutoka hapo panda kwa mteremko hadi karibu na sinia. Sehemu yote ya nyuma iwe imejazwa, ibaki nafasi nyembamba tu ambamo mwali unalazimika kulilamba sinia hadi kwenye dohani.

Nafasi hiyo iwe nyembamba kiasi gani? Ilinganishe na dohani. Dohani ya kipenyo cha sentimita 20 ina eneo la sentimita mraba 314. Gawa kwa upana wa njia, sentimita 60, unapata sentimita 5 na kitu. Dohani ya sentimita 15 ina eneo la 177, kwa hiyo nafasi ni sentimita 3. Ukibana kuliko hapo, moshi unarudi mlangoni. Ukiacha sentimita 20, uko palepale ulipokuwa. Mimi huanza na nafasi kubwa kidogo kuliko hesabu, kisha naongeza tabaka la matofali bapa na kupima lita tena.

Kwa sinia la mifereji inayoning'inia, jaza hadi sentimita 2 au 3 chini ya ncha za mifereji, na usisahau ubavuni. Ukiacha mwanya kati ya mfereji wa pembeni na ukuta, gesi zitapita huko kwa wingi na mifereji uliyoilipia haitafanya kazi.

Cha kujazia, mchanga mkavu na matofali ya kawaida vinatosha chini, ila ni vizito na vinachukua muda kupata moto. Vemikulaiti au pelaiti, yaani chembe za madini yaliyotanuliwa kwa joto, ni nyepesi na huzuia joto. Vyovyote iwavyo, tabaka la juu liwe la matofali ya moto. Jiko jipya liwashie moto mdogo mara kadhaa kabla ya kupika, unyevu utoke taratibu, la sivyo matofali yatapasuka.

Usiibane sehemu ya juu ya chumba cha moto chenyewe. Sinia lenye utomvu haliwi na joto zaidi ya nyuzi 104 hivi, na kwa mwali huo ni ubaridi. Mwali ukilifikia kabla gesi hazijamaliza kuungua, unazimika na kuacha masizi. Masizi huzuia joto lisipite, kwa hiyo sugua tumbo la sinia na mifereji kwa brashi ya chuma kila baada ya siku chache za kupika, jiko likiwa limepoa.

Hatua ya 5: dohani

Kanuni ya mafundi wa kazi hii ni kwamba urefu wa dohani uwe angalau mara mbili ya urefu wa jiko. Jiko la sentimita 120 linataka mita 2.4 au zaidi, na ndani ya banda dohani lazima ipite paa: angalau sentimita 90 juu ya mahali inapotokea, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Kona ya digrii 90 inakula mvuto; tumia mbili za digrii 45, au uiache isimame wima kabisa. Isimamishe kwa waya tatu, upepo wa mwezi wa tatu hauna huruma. Pale inapopita kwenye paa la mbao tumia kipande maalumu chenye kuta mbili.

Upana usizidishwe. Dohani pana mno hupoa haraka, gesi zinatembea polepole na mvuto unapungua.

Hatua ya 6: hewa ya juu ya moto

Watu hufikiria hewa ya chini ya wavu tu, lakini karibu robo tatu ya ukuni mkavu huungua ikiwa gesi, si ikiwa kaa. Gesi hizo hutoka kwenye kuni, hupanda, na huhitaji hewa yake palepale juu, pamoja na joto la nyuzi 600 hivi, ili ziwake. Zikikosa, zinatoka kama moshi mweusi, na moshi huo ni kuni ulizolipia.

Pitisha bomba la chuma la sentimita 2.5 kila upande wa chumba cha moto, kati ya ukuta wa nje na matofali, likianzia mbele. Kwenye ukuta wa matofali, hadi kwenye bomba, toboa matundu madogo juu kidogo ya kimo cha kuni, yakielekea ndani na chini kidogo. Hewa inapopita nyuma ya matofali inapata moto kwanza, kwa hiyo haizimi mwali. Mdomo wa kila bomba uwe na kifuniko cha kuzungusha, ili uongeze au kupunguza. Anza na matundu machache. Kuongeza ni rahisi, kuziba ni taabu.

Kisha punguza kilango cha majivu kidogokidogo huku unaangalia dohani. Kuna mahali ambapo moshi unatoweka na mwali unabadilika kutoka rangi ya chungwa nzito kuwa ya manjano angavu. Tia alama kwenye kilango, ndipo pa kurudi kila siku.

Hatua ya 7: banda lipumue

Kilo moja ya kuni inahitaji mita za ujazo 4 hadi 5 za hewa, na kwa kweli jiko huvuta zaidi ya hapo. Ukichoma kilo 15 kwa saa, hesabu zaidi ya mita 100 za ujazo. Kibanda cha mita 3 kwa 4 hakifiki hata mita 30, na mvuke unaotoka darini nao unavuta hewa nje. Ukifunga mlango kwa sababu ya baridi, jiko linaanza kugombea hewa na mvuke huo, na moshi unarudi ndani. Weka bomba kutoka nje hadi karibu na kilango cha majivu, au acha dirisha la upande huo wazi. Ning'iniza king'ora cha kaboni monoksidi pia. Gesi hiyo haina harufu na inaua.

Hatua ya 8: kuchochea

Jiko zuri linaharibiwa na mchochezi mvivu. Tia kuni kidogo kila baada ya dakika 7 hadi 10, kwa kufuata saa, usingoje mtokoto utulie. Andaa mkono mzima wa kuni kabla ya kufungua, fungua, panga kwa kupishanisha ili hewa ipite kati yake, funga. Kila sekunde mlango ukiwa wazi, hewa baridi inapita moja kwa moja chini ya sinia. Tia upande wa kulia, raundi inayofuata upande wa kushoto, ili nusu moja iwe inawaka vizuri daima. Kuni zisifike juu hadi kuziba matundu ya hewa.

Sasa angalizo ambalo naomba ulichukue kwa uzito. Jiko likipata nguvu, sinia linakauka upesi. Lita 30 kwa saa kwenye sinia letu ni sentimita 4 za kimo. Ukifika lita 45, ni zaidi ya 6. Sinia lenye sentimita 5 za utomvu ukiliacha uende kula, utarudi ukute limeungua na chuma kimepinda. Utomvu uingie kwa mtiririko mwembamba usiokoma, na uwe umepashwa kwenye chombo kilicho kando ya dohani, maana ndoo ya baridi ikimwagwa kwa mkupuo inazima mtokoto. Povu likipanda, tone la siagi au mafuta ya kula linalishusha.

Feni, kama bado unaihitaji

Ukimaliza yote haya na namba ukutani haijaridhisha, sasa feni ina maana. Chagua ndogo yenye kilango cha kupunguza, na sehemu kubwa ya hewa yake ielekeze juu ya moto, si chini. Feni inayopuliza chini tu inarusha majivu kwenye mifereji, inachakaza wavu kwa joto, na inasukuma joto hadi kwenye dohani kabla sinia halijalipokea. Izime kila mara kabla ya kufungua mlango. Ukifungua ikiwa inapuliza, mwali utakutokea usoni.

Jioni ya kufunga kazi, acha kutia kuni kama saa moja kabla, na sinia libaki na utomvu wa sentimita kadhaa hadi makaa yafe, kwa kuwa matofali yanaendelea kutoa joto muda mrefu. Msimu ukiisha, shusha dohani, isugue ndani, na uihifadhi mahali pakavu. Gonga kila kipande kwa kidole, hasa kwenye kona na shingoni. Palipolika kwa kutu patatoa mlio tofauti na pengine. Kipande hicho kinunuliwe wakati wa kiangazi, fundi akiwa na nafasi.